Kutua si Kutupa: Utulivu wa Nafsi Kibera na Kawangware

Utulivu ni neno ambalo watu hulitumia kila siku bila kulipima, na kwa sababu hiyo huchanganywa na maneno jirani ambayo maana zake ni tofauti. Kimya ni hali ya kukosekana kwa sauti, nayo ni sifa ya mahali. Upweke ni hali ya kukosa wenzi, nayo mara nyingi ni maumivu. Faragha ni nafasi ya kujitenga na macho na masikio ya wengine, nayo hutegemea kuta, milango na uwezo wa kuvilipia. Utulivu una asili yake. Shina la neno lenyewe lina udugu na kitenzi tua, kile kile kinachotumika mtu anapouteremsha mzigo kutoka kichwani, ndege anaposhuka juu ya tawi na jua linapozama magharibi, hivi kwamba kutulia, kwa mujibu wa lugha yenyewe, ni kupata pa kutua. Kutokana na shina hilo hilo limezaliwa neno kituo, yaani mahali ambapo msafiri au mzigo hukoma kwa muda kabla ya kuendelea. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utulivu wa kutafakari hautokani na ukimya wa mahali, ambao wachache tu wanaweza kuununua, bali hutokana na kuwa na kituo. Na kwamba safari, usomaji na maua yanayotunzwa nyumbani ni vituo vya aina tatu ambavyo binadamu amejipatia hata penye msongamano mkubwa.

Tafakuri nayo inahitaji kufafanuliwa, maana kufikiri peke yake hakutoshi. Anayehesabu nauli ya kesho, kodi ya mwisho wa mwezi na karo ya mtoto anafikiri kwa bidii, lakini fikira zake zinasukumwa na mahitaji kama vile kijiti kinavyosukumwa na maji ya mtaro. Tafakuri ni fikira inayogeuka na kujitazama, inayouliza mahitaji hayo yanampeleka mtu wapi na kama huko ndiko alikokusudia kwenda. Fikira ya namna hiyo haiwezekani mzigo ukiwa kichwani, kwa sababu aliyejitwika hawezi kuinama autazame mzigo wake.

Ni vigumu kupata mahali panapoijaribu hoja hii kwa ukali zaidi kuliko Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya upande wa magharibi na kusini-magharibi wa Nairobi. Majina ya mitaa yenyewe yanahifadhi kumbukumbu ya ukimya uliotoweka. Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na waliolitoa jina hilo ni askari wa asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, ambao pamoja na jamaa zao walipewa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, katika eneo la zaidi ya ekari 4,000 lililotangazwa rasmi mwaka 1918. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2017, jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ardhi, ekari zilizosalia mikononi mwake zilikuwa 288. Kawangware nalo hufasiriwa kwa kuhusishwa na ngware, jina ambalo Wagikuyu humwita ndege wa jamii ya kwale. Palipokuwa msitu na ndege leo pana vyumba vya mabati na udongo vya takriban futi 10 kwa 10, na ploti ambazo wapangaji wake wote hugawana mfereji mmoja, huku ukuta unaotenganisha familia na familia ukiwa mwembamba kiasi cha jirani kujua kikohozi cha jirani. Redio, mahubiri ya vipaza sauti, nyundo za mafundi na mvua inayopiga mabati huingia chumbani bila kubisha hodi.

Wanafalsafa wa kale waliijua shida hii. Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza, aliwahi kumwandikia rafiki yake Lucilius barua kuhusu kukaa juu ya nyumba ya kuogea, penye milio ya wanaonyanyua vyuma, wanaokandwa miili na wanaonadi vyakula, akidai kwamba kelele za nje hazina nguvu juu ya nafsi iliyojipatanisha yenyewe kwa ndani. Dai hilo lina ukweli wake, kwani wapo watu wanaoishi katika majumba yenye bustani pana bila kuijua amani hata kwa usiku mmoja. Hata hivyo, jambo la kuzingatiwa zaidi ni mwisho wa barua hiyo, ambapo mwanafalsafa huyo anakiri kwamba ameamua kuhama pale. Aliyekuwa na uwezo wa kuhama alihama. Mpangaji wa Gatwekera kule Kibera au wa Gatina kule Kawangware hana njia hiyo nyepesi, na kwa hiyo falsafa inayomfaa haina budi kueleza namna nafsi inavyoweza kupata pa kutua pasipo mwili kuhama nyumba.

Kituo cha kwanza ni safari, na hapa yafaa kutenganisha mwendo wa kulazimishwa na mwendo wa kutafakari. Kabla ya mapambazuko, maelfu ya watu hutoka Kibera kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda, wengi wao wakiifuata reli ile ile iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ambayo hupita katikati ya mtaa huku wachuuzi wakitandika bidhaa zao kando yake na kuziondoa honi ya gari moshi inaposikika. Kutoka Kawangware wengine hukata kupitia Lavington, wakipita ndani ya dakika chache kutoka vichochoro vyenye matope hadi barabara zenye miti na ua mrefu. Mwendo huo hutokana na uhaba wa nauli, wala si haki kuupamba kana kwamba ni burudani. Lakini mwendo wenyewe, hata ukiwa wa lazima, humweka mtu kwa saa nzima mahali ambapo hakuna anayemwita; mikono haina kazi, njia inajulikana, na fikira zilizobanwa chumbani huanza kunyooka kwa mdundo wa hatua. Watembeao kwa makundi huzungumza mwanzoni, kisha mazungumzo hukatika yenyewe, na ukimya unaofuata hauchukuliwi na yeyote kuwa ni kisirani.

Zipo pia safari za hiari. Siku za Jumapili wakazi wa mitaa hii ni miongoni mwa wanaoonekana katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingefaa kwa kuni za reli, na ambayo leo, katika hekta zake zipatazo 30, huwapokea wanaosali kwa sauti ya chini, wanaosoma wakiwa wameegemea mashina na wanaolala tu juu ya nyasi. Mwezi wa Desemba huleta safari ndefu zaidi ya kwenda mashambani, Kakamega, Vihiga au Siaya, ambapo msafiri hukaa dirishani kwa saa nyingi akiutazama mteremko wa Bonde la Ufa. Methali ya tembea uone kwa kawaida huchukuliwa kuwa inasifu maajabu ya ugenini, ingawa kitu ambacho msafiri huyu hukiona kwa uwazi zaidi ni maisha aliyoyaacha nyuma. Chumba ambacho hakuweza kukipima akiwa ndani yake hupimika akiwa mbali nacho, na mashaka yaliyoonekana kuwa dunia nzima hudhihirika kuwa ni sehemu yake tu.

Kituo cha pili ni usomaji, ambao unaweza kuitwa faragha isiyo na kuta. Asomaye katika chumba cha watu sita hajafunga mlango wowote, lakini wote waliomo hutambua kwamba kwa muda hayupo, na mara nyingi humheshimu kama wanavyomheshimu anayesali. Sarufi yenyewe imelijua jambo hili, kwani mkato huitwa pia kipumuo, yaani mahali pa kuvutia pumzi, na mstari wa mwisho wa ubeti wa shairi huitwa kituo. Aliyezoea kusoma amezoezwa na maandishi kupumua na kutua kwa kiasi, jambo ambalo simu ya mkononi, ambayo habari zake hazina mwisho, haimfundishi.

Kwamba kitabu kinahitaji nafasi ndogo hakumaanishi kwamba hakihitaji nafasi yoyote. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka 1931, iliwafungia Waafrika milango kwa zaidi ya robo karne, na ukweli huo unaonyesha kwamba utawala wa kikoloni ulielewa vyema thamani ya meza tulivu na kiti mbele yake. Leo Kibera ina tawi la Huduma ya Taifa ya Maktaba, na mwanafunzi anayekaa humo alasiri hapati vitabu peke yake, maana anapata pia mwanga, dari isiyopiga kelele wakati wa mvua na kundi la watu waliokubaliana kunyamaza pamoja. Upande wa pili wa hoja hii umo katika historia ya Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa kati ya mwaka 1969 na 1972, ambaye mashairi ya diwani yake ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kwa siri gerezani juu ya karatasi za msalani. Yeye alikuwa na ukimya na upweke kupita kiasi, vyote viwili vikiwa vimetumiwa kama adhabu, na alichokosa ni pa kuzitua fikira zake. Utunzi ndio uliompatia kituo hicho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo huo unaweza kumwangamiza mtu asiyepata maneno ya kuutuliza.

Kituo cha tatu ndicho kidogo kuliko vyote, na pengine ndicho chenye kina zaidi. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ua la mmea, ambalo wingi wake ni maua, na ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua, yaani uwanja uliozungushiwa kitalu ambamo wenye nyumba hupumzika bila kutazamwa na wapita njia. Nyumba nyingi za Kibera na Kawangware hazina ua wa pili, na ndipo ua la kwanza linapochukua kazi yake. Kando ya mlango huwekwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu kwa msumari, ndani yake udongo uliochotwa kwingine, na katika udongo huo waridi, shubiri au mmea wa majani mapana ulioanza kama kikonyo alichopewa mtu na jirani. Kwa kuwa maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, mmea hunyweshwa maji yaliyokwisha kuoshea mchele au mboga. Kila baada ya siku chache mkebe huzungushwa robo mzunguko, maana shina huinama kuufuata mwanga wa mlangoni, na asiyeugeuza ataukuta umepinda.

Kitendo hicho cha kugeuza mkebe ni tafakuri iliyovaa umbo la kazi. Mwenye kukifanya lazima asimame, atazame jani moja moja, akumbuke jana lilikuwaje na akubali kwamba hakuna anachoweza kufanya ili chipukizi liharakishe. Tangu mwaka 2008 kilimo cha magunia kimewasaidia wakazi wengi wa Kibera kupata sukuma wiki na spinachi mlangoni pao, na manufaa yake hayahitaji kutetewa. Ua, kinyume na mboga hizo, halijibu swali la manufaa. Katika nchi ambayo waridi za Naivasha huhesabiwa kwa mashina, hupakiwa katika ndege na kuuzwa Ulaya, ua la mkebe halina mnunuzi, na kwa kutokuwa na bei linamkumbusha mtunzaji kwamba katika maisha yake kipo kitu kinachostahili kutazamwa bila kuulizwa kitaleta nini.

Pana pingamizi ambalo haliwezi kupitwa. Inaweza kusemwa kwamba kuwasifia maskini utulivu wa nafsi ni njia ya kuwanyamazisha, na kwamba anayeridhika na ua la mkebe hatadai bustani. Historia ya Nairobi inatoa jibu tofauti. Mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipoupinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya umma ya Uhuru Park, alikuwa akitetea mahali ambapo mtu asiye na bustani yake anaweza kulala juu ya nyasi, na aliyeonja kituo kidogo ndiye anayejua kwa hakika thamani ya kikubwa kinachonyakuliwa. Tena mkebe wenyewe ni ushahidi. Mmea hupandwa ndani yake kwa sababu mpangaji hana hakika na ardhi iliyo mlangoni pake, na Julai 2018, nyumba na shule za Kibera zilipobomolewa kupisha barabara ya kuelekea Lang'ata, kilichopandwa ardhini kilibaki chini ya matingatinga, ilhali cha mkebe kiliweza kubebwa. Uhamaji huo wa mmea si sifa ya kusherehekewa. Ni deni ambalo jiji bado halijalipa, na hulipwa kwa maktaba zinazokaa wazi jioni, kwa njia salama za waendao kwa miguu na kwa ardhi ambayo mtu anaweza kupanda mti juu yake akiwa na matumaini ya kukaa chini ya kivuli chake.

Kutua, kwa hiyo, si kutupa. Anayeutupa mzigo ameukana, naye anayeutua amekusudia kuunyanyua tena baada ya kuuona umefungwaje na ni kipi ndani yake kinachomuumiza kichwa. Msafiri hurudi kutoka mashambani mwezi wa Januari, msomaji hukifunga kitabu mwanga wa maktaba unapozimwa, na kodi, karo na nauli huwa zinawasubiri wote wawili kama walivyoziacha. Kabla ya kuingia ndani mwenye nyumba huugeuza mkebe robo mzunguko, upande uliokuwa gizani ukabiliane na mlango, kisha huinama na kuuinua mtungi wa maji.