Maji Yaliyofichwa Ndani ya Nyungu



Tusome Yeremia, sura ya 18, kisha tuendelee mpaka sura ya 19. Wahubiri wengi wanaishia sura ya 18, pale nabii anaposhuka nyumbani kwa mfinyanzi, anaona chombo kinaharibika mkononi, na mfinyanzi anakifanya upya. Habari tamu! Lakini katika sura ya 19 nabii anatumwa kununua mtungi na kuuvunja mbele ya wazee, na ule mtungi haurudi tena. Vyote viwili ni udongo. Juu ya nini kimoja kinafanywa tena na kingine hapana? Katikati yao kuna moto.

Waulizeni wamama wanaofinyanga. Nyungu mbichi ikianguka, mama anaokota vipande, analoweka, kesho ni udongo tena. Lakini ikikwisha kupita katika moto wa digrii 600 na zaidi, hata ukiilaza mtoni mwaka mzima haitakuwa tope. Kule Katanga, karibu na Ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga mwaka 1957, wakakuta nyungu za babu zetu. Nyingine zimepita miaka 700. Namna moto ulivyoziacha, ndivyo zilivyokaa.

Basi tutazame kazi yenyewe. Mama anachimba udongo karibu na mto, anatoa mizizi na mawe, anatwanga. Kisha anasaga vigae vya nyungu zilizovunjika zamani, anavichanganya na udongo mpya, ili nyungu mpya ivumilie moto. Wewe unayesema maisha yako yamevunjika, huna kazi tena katika kusanyiko, sikia hilo vizuri. Vile vigae vimekwisha kuona moto, ndiyo sababu vinatafutwa.

Hana gurudumu. Anaviringa udongo kama kamba, anapandisha duara juu ya duara, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayezunguka nyungu, mgongo umeinama. Anailainisha kwa jiwe la mtoni.

Halafu anangoja, na hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Haiweki juani, kwa maana jua linakausha mdomo mbele ya tako, na nyungu inapasuka. Inakaa kivulini siku nyingi. Wakati wa mvua ni zaidi. Kwa macho imekauka. Lakini mama haamini macho. Anaiweka shavuni pake: akisikia baridi, anajua maji yamo bado. Hata siku ya kuchoma, anazipasha nyungu joto polepole kwanza, ndipo anapanga kuni, magome na majani makavu.

Akiharakisha, itakuwaje? Yale maji machache yaliyojificha yanakuwa mvuke, na mvuke unataka nafasi kupita mara 1,000 ya maji yenyewe. Nafasi haipo. Nyungu inalipuka kwa kishindo, na vigae vyake vinapiga jirani zake, ambazo zilikauka vizuri na hazikuwa na kosa lolote.

Ndugu, chuki ya moyoni ni maji hayo. Mtu anaimba vizuri, nguo yake ni nyeupe, anafunga na kuomba. Kwa macho amekauka. Kisha moto unakuja: njaa, vita, kifo katika nyumba. Hapo analipuka, na watoto wasiojua mwanzo wa ugomvi ndio wanaoumia. Sisi watu wa mashariki ya Congo tumeona hayo kwa macho yetu, hatuhitaji kuhadithiwa.

Kwa hiyo mimi sikubali desturi hii ya kumbatiza mtu Jumapili na kumpa kazi ya uzee Jumapili inayofuata. Mwacheni akae kivulini kwanza. Na sisi wazee tuweke shavu, tuulize: umesalimiana na ndugu yako? Deni la mjane umelipa?

Ubatizo ni mwisho wa mwezi. Zile nyumba mbili zinazogombania shamba la marehemu baba yao, watoto wao wote wameandikwa. Jumamosi, tangu saa tatu ya asubuhi, wazee watakaa chini ya mwembe. Waje wazazi kwanza, watoto watafuata.

Amina.