Nani Anaijua Swichi Hii?

Utando wa dhahabu wenye urefu wa mikromita 300 hivi umetandazwa mfano wa daraja juu ya njia inayopitisha mawimbi ya redio. Chini yake kuna uwazi wa mikromita 3. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Ukiupa utando huo volti 30 au 40 unavutwa chini, unalalia kihami chembamba cha nitraidi ya silikoni, na wimbi linakatika. Ukiondoa umeme, unainuka na wimbi linapita. Kwa kuwa wimbi halipiti ndani ya semikondakta, halipotezi nguvu nyingi njiani, na swichi yenyewe karibu haili umeme. Wajenzi wa rada na antena za setilaiti wameitamani tangu miaka ya 1990.

Kila ninaposoma habari za swichi hii, swali linalonirudia si la ufundi. Ni nani hasa anayeijua?

Mtu wa mitambo anajua ugumu wa utando na jinsi unavyojikunja ukipata joto. Mtu wa mawimbi anajua ni kiasi gani cha nguvu kinapenya na kiasi gani kinarudi kilikotoka. Wa kemia anajua kwa nini nyuso mbili zenye unyevu hushikamana. Anayefungasha chipu anajua kuwa mvuke kidogo ukibaki ndani ya kifuniko unaweza kuharibu kazi ya wote. Kama vipande hivi vingekaa kwa amani, kimoja kando ya kingine, tungevijumlisha na kusema huo ndio ujuzi wa swichi. Lakini vinagombana. Ukiukaza utando ili uinuke bila kusita, itakubidi uongeze volti za kuuvuta. Ukiongeza volti, kihami kinaumia.

Hapo kwenye kihami inafaa kutua kidogo. Volti 30 hazionekani kuwa nyingi, ila zikibanwa katika tabaka lenye unene wa mikromita 0.2, nguvu ya uga wa umeme inazidi volti milioni 1 kwa sentimita. Chaji zinapenya ndani ya kihami na kunasa humo. Swichi iliyokuwa ikifunga na kufungua mara mamilioni bila shida inaanza kubaki chini hata umeme ukiondolewa, au inagoma kushuka kwa volti zile zile zilizoishusha jana. Mwaka 2001 Charles Goldsmith na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kila unapopunguza volti 5 hadi 7, umri wa swichi unaongezeka takriban mara 10. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu haina mwenyewe mmoja. Kwa mtu wa mitambo inasema legeza utando. Kwa mtu wa kemia inasema tafuta kihami kisichonasa chaji. Kila mmoja anapata kazi ndani ya tatizo la mwenzake.

Sasa chukua maabara mbili zilizopima umri wa swichi zao. Ya kwanza ilipima ndani ya nitrojeni kavu, ya pili katika hewa ya kawaida. Ya kwanza ilikuwa ikigeuza chanya na hasi za volti, ya pili haikugeuza. Ya kwanza iliacha kuhesabu utando uliponata, ya pili iliacha mapema, volti za kuuvuta zilipoanza kuhama. Zote mbili zinaandika “umri wa swichi”, na tarakimu zao zikiwekwa kwenye jedwali moja haziambiani chochote. Kila namba ilipatikana kwa uaminifu, na bado hakuna aliyejua jambo jipya. Kwangu huu ndio moyo wa suala zima: watu wanapokubaliana namna ya kupima hawatimizi utaratibu wa ofisi, kwa sababu ujuzi unazaliwa pale pale wanapokubaliana.

Ulaya waliliona hilo mapema. Kati ya 1998 na 2001 mradi wa MEMSWAVE, wa vifaa vidogo vya mawimbi kama hivi, ulizikutanisha maabara za Ugiriki, Ufaransa, Italia na kwingineko, ukiratibiwa na taasisi ya IMT ya Bucharest, wakati Romania ilikuwa bado haijaingia Umoja wa Ulaya (iliingia 2007). Aliyekuwa nje ya mlango ndiye aliyewakalisha wenyeji. Kutokana na mradi huo kulizaliwa mikutano ya watafiti iliyoanzia Sinaia, Romania, mwaka 1999 na kuendelea hata baada ya mradi kwisha. Mwaka 2004 ukafuata mtandao wa AMICOM, ulioongozwa na maabara ya LAAS-CNRS ya Toulouse, Ufaransa. Mitandao ya aina hiyo ilifadhiliwa hasa ili kuunganisha: watafiti wabadilishane maabara, vifaa vitumiwe kwa pamoja, miradi iliyokuwa ikienda kila mmoja njia yake isikilizane.

MEMSWAVE uliteuliwa miongoni mwa miradi iliyowania Tuzo ya Descartes, ya Ulaya kwa utafiti wa pamoja, mwaka 2002, na jina hilo linanifikirisha. Katika kitabu chake cha 1637 kuhusu njia ya kutafuta ukweli, mwanafalsafa Descartes anadai kwamba kazi iliyotungwa na mtu mmoja huwa kamilifu kuliko iliyopitia mikono mingi, na anatoa mfano wa majengo. Mbele katika kitabu hicho hicho anawataka watu wayatoe hadharani majaribio yao, ili anayefuata aanzie pale aliyetangulia alipoishia, na maisha ya wengi yaungane. Sidhani alijisahau. Aliona pande mbili za jambo ambalo hata leo halijatulia: fikra hutaka kichwa kimoja kinachowajibika, na maumbile ni mengi mno kwa kichwa kimoja. Swichi ya mikromita 300 inampa haki katika sehemu ya pili zaidi ya alivyoweza kukisia.

Ndani ya mradi mmoja, ushirikiano una mkataba na msimamizi. Kazi ngumu iko kati ya mradi na mradi. Wote wanapigania mfuko ule ule, kila mmoja ana tarehe yake ya mwisho, na kampuni zilizomo zina siri za utengenezaji ambazo zina haki ya kuzilinda. Namna ya kulaza tabaka la kihami imegharimu fedha na miaka. Nakubali hilo bila kinyongo. Lakini zile swichi zilizokufa nani anazilinda, na kwa faida gani? Ripoti ya mwisho huonyesha iliyofanya kazi. Zilizogoma hubaki kabatini, na katika nchi nyingine mtafiti kijana anaweza kutumia mwaka mzima kugundua tena kwa nini ziligoma.

Leo kuna wanaotengeneza vifaa hivi kwa mawimbi ya milimita, na miungano mipya itaundwa. Ningetamani mkataba wake uwe na kifungu kimoja cha ziada: kila maabara ipeleke kwa nyingine swichi zake zilizokufa, kila moja na karatasi inayotaja volti ilizopewa, unyevu wa hewa, joto, na mara ngapi ilifunga kabla ya kugoma.