Kunde za Uani na Mbuzi wa Jirani



Vuli ikikaribia, kila mwenye ua hutoa mbegu zake za kunde. Huchagua zile nzima zisizotobolewa na vidudu, akazifukia kiasi cha kiungo cha kidole katika udongo wenye unyevu usiotuama maji. Siku chache mche huchomoza, na baada ya mwezi majani yawa mboga. Lakini mbuzi akiukata mche ungali mchanga, chini ya zile pande mbili za mbegu, hauchipui tena. Imepotea mbegu, na pengine msimu pia.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mfugaji husema: Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika mmea wa Muislamu ni sadaka. Ni kweli, lakini hiyo ni thawabu ya aliyepanda, wala si ruhusa ya aliyeachia mifugo. Thawabu ya aliyedhulumiwa haimfutii dhalimu deni lake.

Tuitazame Surat al-Anbiyaa, aya ya 78, itajayo hukumu ya Dawud na Sulayman (a.s.) juu ya shamba lililoliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wameeleza kuwa Sulayman aliona wenye kondoo walihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na wenye shamba wanufaike kwa maziwa na sufu muda huo. Kisha kila mtu arejeshewe chake. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, mchana ni juu ya mwenye shamba kulinda, na usiku ni juu ya mwenye mnyama kumfunga, asipomfunga, hulipa. Na mchungaji akiwa pamoja na wanyama wake, dhamana ni yake, usiku na mchana.

Basi mkulima na azungushe ua wa miiba, wala asiizibe njia ya mifugo iendayo mtoni. Mfugaji na afunge zizi lake. Hasara ikitokea, wazee waipime na ilipwe upesi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, huko Delta ya Tana, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 100, na watoto wakiwamo. Deni la kunde lilipwe lingali la kunde. Wala tusiulize jirani ni wa kabila gani au dini gani. Haki yake i juu yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.