Kila Mmoja Aliona Kipande

Hesabu ya nyanya kwenye karatasi haijawahi kumkosesha mtu usingizi. Ekari moja hubeba miche elfu nane hadi elfu kumi. Kila mche, tuseme, utoe kilo mbili tu, kisha uzidishe kwa bei ya Dar es Salaam ya siku ile ulipopiga simu kuulizia. Hesabu hii huzunguka kwenye simu za vijana, husomwa kwenye semina za ujasiriamali, na imewaachisha watu kazi za mshahara. Ndani yake mna mbegu, mbolea, dawa, vibarua na nauli ya Fuso. Asiyemo ni mkulima mwenyewe: atalala saa ngapi, na mambo yakiharibika atamwambia nani.

Mkulima wa kisa hiki nimemtunga. Lakini wanaoishi Ilula, kando ya barabara kuu ya Zambia, pale ambapo msafiri aliyekwisha kupanda Kitonga huanza kuona matenga ya nyanya yamepangwa njiani, watasema wanamfahamu. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mke, watoto wanne, shamba la mahindi la urithi na kinyungu bondeni alikolima mboga kiangazi. Hakuwa mzembe wala mlevi. Ulanzi aliunywa Jumapili, mbele za watu, akicheka.

Mwaka huo aliamua kulima ekari mbili za nyanya badala ya nusu. Alikopa kwenye kikundi chake cha VICOBA, jambo ambalo mke wake alilijua. Akachukua mbolea na dawa kwa mkopo dukani, jambo ambalo mke alilihisi. Nyanya zilipoanza kuchanua fedha za vibarua zikaisha, akaenda mjini kwa wale wa mikopo ya kausha damu, wanaotaka marejesho kila wiki hata kama shamba bado ni maua matupu. Hilo hakumwambia mtu.

Kisha akaja kantangaze. Ndiye yule mdudu wa Amerika Kusini aliyegundulika nchini mwaka 2014, ambaye funza wake huchimba ndani ya jani na kutoboa tunda, na ambaye dawa nyingi za kawaida zimemshindwa. Mkulima alipuliza dawa mara mbili kwa wiki, bila barakoa, na upepo ukimrudishia usoni. Baadhi ya nyanya akaziokoa. Zilipoiva, Ilula nzima nayo ilikuwa imeiva, bei ikaanguka hadi ikawa haimlipi hata mbeba matenga. Dalali wa soko la Ilala hakupokea simu siku mbili. Ya tatu alipokea, akasema mzigo umedoda.

Hadi hapo hiki ni kisa cha kilimo, na wakulima wamezoea visa vya namna hiyo. Msimu mbaya huuma, watu hulalamika kilabuni, hulaani madalali, hupanda tena. Kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine.

Mke ndiye aliyeona kwanza. Mumewe alikuwa akiamka saa kumi usiku, anakwenda kukaa jikoni gizani kwenye kigoda, bila moto. Chakula alikigusa tu. Hakuulizia tena daftari za watoto. Mke alifikiri ni mwanamke mwingine, akanyamaza kwa hasira, na kimya cha watu wawili kikajaa nyumba.

Katibu wa VICOBA aliona jina lake halina alama ya mahudhurio vikao vitatu mfululizo. Akaandika faini.

Mganga wa zahanati alimwona mara tatu: mgongo, kichwa, tumbo linalowaka. Akampima malaria, haikuwapo, akampa dawa ya maumivu. Simlaumu sana. Mgonjwa alisema mgongo, na mwanamume wa shambani amefundishwa kusema mgongo. Kuna maneno ya uchovu, ya homa, ya kuteguka, lakini akijisikia kwamba hana thamani tena na kwamba kesho ni mzigo, hajui hata aanzie wapi mbele ya dirisha la dawa. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huingia hospitalini ikiwa imevaa maumivu ya mwili, na wahudumu wenye foleni ya watu themanini hawana muda wa kuivua.

Mdogo wake aliuziwa mashine ya kuvutia maji kwa bei ya kutupa. Alifurahi, akaenda kuwaonyesha wenzake. Hakujiuliza kwa nini mtu wa kinyungu auze mashine ya maji kiangazi kikiwa mlangoni. Wenzake wa kilabuni waliona ameadimika, wakasema ana maringo ya mtu aliyekopa fedha nyingi. Mzee wa kanisa alimtembelea, akamwombea, akamwambia ajikaze. Kumwombea kulikuwa jambo jema. Kumwambia ajikaze kulimwongezea kosa jingine la kujilaumu, kwa sababu kujikaza ndiko kulikokuwa kumemshinda.

Kila mmoja alikuwa na kipande chake mkononi, na kila mmoja alikipa jina la tabia: umalaya, uzembe, maringo, upungufu wa imani. Wawili watatu walisema karogwa. Hakuna aliyesema anaumwa. Wanaoijua sonona husema ukiona mtu amepoteza hamu ya yale aliyoyapenda, usingizi umevurugika, nguvu zimeisha, anajilaumu, na hali hiyo imedumu kwa wiki mbili au zaidi, usisubiri. Huyu alikuwa amefikisha miezi miwili.

Hapa ndipo funzo lenyewe lilipo, nami nalisema wazi kwa sababu watu hulipita. Tunadhani hasara ya shamba ndiyo iliyomwangusha. Ilimsukuma, ndiyo. Lakini wiki tatu baada ya dalali kusema mzigo umedoda, mvua iliharibu mashamba ya sehemu nyingine na bei ikapanda. Majirani waliokuwa wameendelea kumwagilia na kuchuma waliuza, wakalipa nusu ya madeni. Shamba lake lilikuwa na matunda bado. Yeye hakuwa ameingia humo tangu siku ile ya simu. Alikuwa amelala akitazama ukuta, kantangaze akila kwa raha zake. Aliposikia bei, alilichukulia hilo kuwa ushahidi kwamba yeye ni mtu wa kushindwa. Ugonjwa unaharibu shamba, kisha unamwonyesha mgonjwa shamba lililoharibika na kumwambia: unaona? Ni kama bomba la kupulizia dawa linalovuja na kumlowesha anayelibeba.

Kuhusu hizo dawa kuna neno la ziada. Uchunguzi mkubwa na wa miaka mingi miongoni mwa wakulima wa Iowa na North Carolina, Marekani, uliona kwamba waliowahi kudhurika kwa sumu ya viuatilifu walikuwa na sonona zaidi kuliko wengine. Haina maana kwamba kila anayepuliza ataugua. Ina maana kwamba barakoa, glavu na kuoga baada ya kupuliza si mambo ya mapafu na ngozi peke yake.

Aliyeunganisha vipande alikuwa binti wa duka la pembejeo, ambaye hakuwa ndugu wala rafiki. Jioni moja, duka likikaribia kufungwa, mkulima alifika akiwa msafi, amenyoa ndevu, mtulivu kuliko alivyokuwa kwa wiki nyingi. Akaomba dawa.

“Shikamoo baba. Ya nyanya?”

“Marahaba. Ndiyo.”

“Si nilisikia umeshang'oa, baba?”

Akanyamaza kidogo. “Nipe tu, mwanangu.”

Binti alisema imekwisha, mzigo mpya utaingia kesho. Aliongopa, chupa zilikuwa nyuma yake rafuni. Akamvutia kiti, akampa maji, akaanza kumweleza matatizo ya duka, wadaiwa wasiolipa, ushuru, panya. Huku akizungumza alimtumia ujumbe mama watoto: njoo umchukue baba, usimwache peke yake leo. Alikuwa ameshangazwa na ule utulivu. Mtu anayedaiwa na kila mtu, akiwa mtulivu ghafla, huenda amefikia uamuzi.

Sitaki duka hili lionekane la kipekee. Sri Lanka ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa watu kujiua, wengi wao vijijini. Serikali ikapiga marufuku, moja baada ya nyingine, dawa za mashambani zilizo kali zaidi kwa mwanadamu. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa zaidi ya asilimia 70. Wakulima hawakuwa wameacha kuwa maskini wala kudaiwa. Walichopewa ni muda, kwa sababu saa ile mbaya hupita, na aliyezuiwa kwa usiku mmoja mara nyingi hapatikani akirudia. Stoo yenye kufuli na ufunguo kwa mtu mwingine ni huo muda, kwa bei ya kufuli.

Usiku ule mke hakugomba. Dawa zote zilizokuwa uvunguni alizihamishia kwa jirani. Kisha akauliza kile ambacho wengi huogopa kukiuliza.

“Baba watoto, unafikiria kufa?”

Wapo wanaoamini kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo kichwani. Sivyo, Shirika la Afya Duniani limeliweka hilo wazi, na wahudumu wa afya ya akili hufundishwa kuuliza moja kwa moja. Mumewe alijibu, kila asubuhi. Akalia, na ndani ya kilio yakatoka yote, hata yale ya kausha damu. Mke aliyekuwa akimchukia mwanamke asiyekuwapo alikaa sakafuni akisikiliza hadi majogoo.

Asubuhi alimpigia simu mdogo wa mumewe, akaja na bodaboda, wakaenda hospitali ya mkoa Iringa, kliniki ya afya ya akili. Njiani shemeji alitaka kujua kama watasema yote kwa daktari, maana alisikia ni kosa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai Tanzania Bara. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Familia nyingi hudanganya hospitalini kwa sababu hiyo, na daktari akatibu kitu kingine. Mgonjwa huyu hakuwa ametenda lolote ila kuwaza, na kuwaza si kosa. Wakasema yote.

Alipewa amitriptilini ya kumeza usiku. Wiki ya kwanza mdomo ulimkauka na asubuhi alisinzia, akataka kuacha, akisema ni dawa za vichaa wa hospitali ya Mirembe. Muuguzi alimwambia dawa hii haifanyi kazi kama panadoli. Huchukua wiki kadhaa, na usingizi ndio hurudi kwanza. Ulirudi kweli. Hamu ya kula ikafuata. Hamu ya shamba ilichelewa mno, na kuna siku alishinda ndani tena. Dawa pekee zisingetosha. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na watu waliozidiwa, wakichagua tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia hatua ya kwanza. Matokeo ya utafiti wao, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha watu wale kupata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Ilula hapakuwa na benchi. Palikuwa na shangazi yake, mjane asiyependa kukatisha mtu maneno, aliyekuja kila Jumatano kuchambua mboga pale uani.

Yeye ndiye aliyetaka madeni yaandikwe. Mpwa wa kidato cha tatu akaleta daftari. Jumla yake ikawa milioni nne na ushee. Mkulima aliduwaa, kichwani alikuwa akibeba zaidi ya sita, maana riba ya kausha damu alikuwa akiihesabu mara mbili kila alfajiri. Milioni nne si mchezo kwa mtu wa kinyungu. Lakini zina namba, na namba hupangwa. Ekari moja ya mahindi ikakodishwa, kausha damu wakamalizwa kwanza kwa kuwa ndio waliokuwa wakizaa riba kila wiki, mdogo mtu akarudisha mashine ya maji na kulipwa kidogokidogo, na binti wa duka akaongeza muda hadi mavuno.

VICOBA ndiko kulikokuwa na mabishano. Alikwenda mwenyewe kikaoni, akasimama, akasema nilikuwa naumwa, akataja na ugonjwa. Wengine waliinamisha macho. Mama mmoja alisema marehemu kaka yake alikuwa hivihivi, nao walidhani ni pombe. Deni likapangwa upya bila shida. Shida ilikuja pale katibu alipopendekeza kwamba mwanachama akikosa vikao viwili, watu wawili waende nyumbani kwake kabla ya faini kuandikwa. Mweka hazina alipinga vikali: kikundi ni cha fedha, kitageuka cha wauguzi, na faini ndizo zinazojaza mfuko wa jamii. Walibishana hadi jua likazama. Wakakubaliana waende kwanza, na faini iandikwe baada ya kurudi. Kiasi chake kilibaki shilingi elfu moja, na mkulima wetu alilipa tatu zake palepale, maana mweka hazina hakutaka kuzisamehe.