Onyo na Gharama Yake

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii ina huruma ndani yake: mkaidi huvunjika guu tu, akarudi nyumbani akichechemea, na mwendo wake ukawafunza wenzake. Hivyo ndivyo watu wa kando ya Mto Ruaha Mkuu walivyoujua mto wao. Mzee anayemkataza mtoto kuoga kwenye kina fulani anamkumbuka aliyekamatwa na mamba palepale. Kisa kilitangulia, onyo likafuata.

Umeme umegeuza mpangilio huo. Maji ya mto huohuo huzungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, hupita kijiji cha Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu na mashamba ya vitunguu, kisha huzungusha mingine kule Kidatu, megawati 204. Lakini hatari inayorudi kijijini kwa njia ya waya haina meno wala harufu. Mwanakijiji huonywa kwa fuvu lililochorwa kwenye kibao kabla hajamjua hata mmoja aliyepigwa na shoti. Tena anayemwonya ndiye anayemuuzia umeme.

Je, onyo la muuzaji liaminiwe? Swali hili ni la tangu mwanzo wa umeme. Novemba 1889 Thomas Edison aliandika katika jarida moja la Marekani juu ya hatari za taa za umeme. Alichokishambulia hasa ni mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, ambao ulikuwa bidhaa ya mshindani wake, George Westinghouse. Mkondo wake mwenyewe aliusifu kuwa salama. Wakati huohuo umma ulikuwa na hofu ya kweli. Umeme ulipofungwa Ikulu ya Marekani mwaka 1891, Rais Benjamin Harrison na mkewe waliogopa kugusa swichi, wakawaachia watumishi kazi hiyo. Leo mkondo geu ndio unaowasha taa za Mbuyuni, na kweli unaua. Basi Edison alisema kweli kwa nia ya biashara. Nia mbaya ya msemaji haikuupunguzia waya makali.

Kwa hiyo kipimo cha onyo kitafutwe kwingine. Tuliangalie analoagizwa msikilizaji: je, analiweza? Ukiambiwa usiguse waya uliodondoka baada ya upepo, toa taarifa, unatii bila kutoa senti. Ukiambiwa nyumba yako ifungwe nyaya na mkandarasi mwenye leseni, umetajiwa bei. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Kufunga nyaya ndani ya nyumba hugharimu mara nyingi zaidi. Mkulima ambaye vitunguu vyake vimekosa soko huvuta waya kwa jirani, akaupitisha juu ya miti, akaunga kwa kusokota na kuvisha kiungio mfuko wa nailoni. Fimbo ya arthi, kama ipo, imechomekwa kwenye udongo mkavu usiopitisha umeme vizuri. Kibao amekisoma. Hakukidharau.

Taa inawaka usiku wa kwanza, inawaka mwezi mzima, na kila siku ya salama inakuwa shahidi dhidi ya kibao. Hapa ndipo methali inapokwama. Mkaidi wa umeme mara nyingi harudi kuchechemea mbele ya wenzake, naye aliyetii hana cha kuonyesha, kwa kuwa halikumpata lolote. Onyo likifanya kazi yake vizuri huonekana kama uzushi.

Ndiyo maana haitoshi kuonya kisha kusema tulishasema. Maneno hayo humwondolea lawama msemaji na kumwachia msikilizaji hatari yote. Anayejua hatari, mwenye uwezo wa kuipunguza, anadaiwa zaidi ya maneno: kikata umeme kinachojizima hitilafu ikitokea, arthi iliyozama ipasavyo, fundi anayelipika kwa mfuko wa mkulima. Onyo lililobaki baada ya hayo ndilo tunaloweza kumdai mtu alitii. Lililotolewa badala ya hayo ni risiti tu, ya kuonyesha siku ya msiba kwamba marehemu aliarifiwa.