Chokaa juu ya Alama ya Maji

Twaulizwa kama ni haki mtu kuipamba nyumba yake kabla ya kuiuza. Hapana ubaya. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke, mwenye nyumba hufagia uwanja, huziba nyufa, hubadili bati lililoliwa na kutu, kisha hupaka chokaa. Maana mgeni hupokewa kwa heshima, hata akiwa ni mnunuzi.

Shida yaanza penye bonde. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa iliufurisha mto Msimbazi; watu wapatao 40 walikufa mjini, na wengine waliopoteza makao wakapewa viwanja Mabwepande. Maji yalipopungua yaliacha mstari wa matope ukutani. Mstari ule ni shahidi. Basi mwenye nyumba ya Kigogo aupakapo chokaa, je, anaisafisha nyumba, au anaunyamazisha ukuta? Mkono ni ule ule na ndoo ni ile ile. Tofauti i katika jambo asilotaka mnunuzi alijue.

Tena iko hila isiyohitaji hata rangi. Mwenye nyumba aweza kungoja kiangazi, asiuze wakati wa masika wala wa vuli. Hapo hakusema uongo hata neno moja, jua limemsemea.

Wengine hujibu, “Mnunuzi ana macho, na aulize.” Lakini ataulizaje asilolijua? Alijuaye bonde ni akaaye bondeni. Mgeni atokaye bara na akiba ya miaka mingi haoni ila ukuta mweupe. (Na tukiri, naye hapendi kuuliza sana bei ikiwa nafuu.)

Walakini muuzaji naye atendewe haki. Akisema kweli bei itashuka, naye ana watoto wa kuwahamisha. Wala si yeye aliyeileta mvua. Ni rahisi kwetu tukaao mlimani kumhimiza aseme. Hata hivyo twaona hasara ile aliipata siku ya maji, ni yake. Kuificha ni kumtwika mwenzake asiyejua hata kwamba anatwikwa. Na apake chokaa, kisha amwonyeshe mnunuzi kwa mkono wake mahali maji yalipofika, mbele ya mwenyekiti wa mtaa ajaye kushuhudia mauzo, ndipo wapatane bei.