Uhakika wa Wokovu kwa Asiyeuhisi

“Umeokoka?” Afrika Mashariki swali hili huulizwa ndani ya basi, wodini, hata msibani. Tangu uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, Walokole wamezoea kusimama mbele ya ndugu na kutaja siku waliyompokea Bwana. Mkatoliki akiulizwa hivyo, mara nyingi husita. Si kwamba hana imani. Amefundishwa kutumaini, kutubu na kudumu, na hukumu kumwachia Mungu. Mlokole huona kusita huko ni dalili ya hatari, na Mkatoliki huona jibu la haraka ni majivuno. Katikati yao yupo mtu ninayemhurumia sana: anaamini kwa moyo wote, anasali, anatubu, lakini uhakika kwamba ameokoka hausikii ndani yake.

Ugomvi huu una mahali ulipoanzia. Oktoba 1518 Martin Luther, mtawa Mwagustino, aliitwa Augsburg kuhojiwa na Kardinali Cajetan, mjumbe wa Papa. Wengi hukumbuka suala la vyeti vya rehema, lakini jambo moja lililowatenganisha lilikuwa hili: mwungamaji akisikia padri akimwondolea dhambi, je, ni lazima aamini bila shaka kwamba amesamehewa? Luther alishikilia kwamba ni lazima, kwa kuwa neno lile ni la Kristo, na kulitilia shaka ni kumfanya Kristo mwongo. Cajetan hakuwa na shaka na sakramenti. Alichokataa ni kumdai mtu awe na hakika juu ya nafsi yake mwenyewe. Aliandika kwamba kufundisha hivyo ni sawa na kujenga kanisa jipya.

Luther namwelewa. Huko monasterini alikuwa ameungama kwa saa nyingi, akichambua kila kosa, na amani hakuipata. Alipoona kwamba msamaha umesimama juu ya ahadi ya Kristo, wala si juu ya ukamilifu wa majuto yake, alifunguliwa kweli. Anayeyaita hayo majivuno huenda hajawahi kukesha na mtu anayeteswa na dhamiri.

Hata hivyo Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la 13 Januari 1547, uliona hatari ambayo Waprotestanti waliionja baadaye kwa uchungu. Ulikataa kwamba mtu husamehewa kwa sababu ameamini kwa hakika kuwa amesamehewa. Nadhani hapo Trento ilisema kweli. Uhakika ukifanywa sharti, mnyonge amerudishwa palepale alipotoka: jana alijipima kwa majuto yake, leo anajipima kwa uhakika wake, na bado anajitazama mwenyewe. Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza, nao walilifikia jambo hili kwa njia yao. Ungamo la Westminster la 1646 linakiri kwamba mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu, akipambana na mengi, kabla ya kuupata uhakika.

Tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki katika kanisa la Mtakatifu Anna huko Augsburg, mahali ambapo Luther alipewa malazi na watawa Wakarmeli mwaka ule wa 1518. Kuhusu uhakika walikubaliana kwamba mwamini anaweza kuitegemea ahadi ya Mungu hata anapoutazama udhaifu wake. Si kila kitu kilimalizika. Mkatoliki bado anafundishwa kwamba dhambi ya mauti huondoa neema ya utakaso, na miongoni mwa Waprotestanti Wakalvini wengi wanafundisha kwamba aliyeteuliwa hawezi kupotea kabisa. Tofauti hiyo ni nzito, na sipendi ifunikwe kwa maneno matamu ya umoja.

Lakini yule ninayemhurumia yupo pande zote mbili. Fransisko wa Sales, Mkatoliki, akiwa mwanafunzi wa miaka 19 huko Paris, alishikwa na wazo kwamba Mungu amekwisha kumtenga na wokovu. Kwa wiki kadhaa aliteseka mpaka mwili ukaugua. Mwishowe alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria akasali kwamba, hata kama hatampenda Mungu katika maisha yajayo, basi ampende katika haya. Hofu ikamtoka. Tazama alichoomba: hakuomba kuambiwa kwamba ameokoka.

William Cowper, mshairi Mwingereza, hakufunguliwa hivyo. Aliongoka mwaka 1764 kwa furaha kubwa, akaandika nyimbo za injili. Ule unaohusu chemchemi ya damu ya Kristo umo katika Tenzi za Rohoni, na watu wetu huuimba kwa machozi. Mwaka 1773 aliota kwamba Mungu amemkataa. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1800 aliamini kwamba wokovu upo kwa kila mtu isipokuwa yeye, na kanisani hakwenda tena. Akili yake ilikuwa imeugua, ndiyo, lakini sikubali kwamba ugonjwa unaweza kumpokonya mtu ahadi aliyopewa na Kristo.

Rafiki yake na mchungaji wake, John Newton, alikuwa Mkalvini mwenye msimamo. Mwaka huohuo wa 1773 alimpokea nyumbani kwake, akamtunza kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hakuacha kumhesabu kuwa ndugu katika Kristo. Alichokosa Cowper, Newton alikiamini kwa niaba yake. Mkatoliki anayetoa nia ya Misa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza tena kusali angemwelewa Newton bila kuelezwa.